Siku ya Kwanza, Kuelekea Ala-Köl

Mama mkwe amevaa buti za marehemu.
Zinampwaya; amezijaza soksi jozi tatu
na gazeti la mwezi uliopita.
Miaka sitini na minane ameishi chini ya ziwa asilolijua,
kama mpangaji wa ghorofa ya chini
anayesikia tu nyayo za jirani wa juu.

Mwanawe, mume wangu, yuko Moscow,
anapaka rangi kuta za watu.
Mpeleke mwaka kesho, alisema kwenye simu.
Mama akaninyang'anya simu:
"Mwaka kesho nitapanda kwa magoti ya nani?"

Saa moja asubuhi lori la Temirkul limetushusha darajani,
likatuachia moshi, kisha ukimya.
Bonde linaanza kupanda hapo hapo, bila hodi.
Kushoto mto, mweupe kama maji ya kuoshea mchele,
unagombana na kila jiwe.

Vijana wanne wametupita,
mabegi yamewazidi kimo.
"Kutangulia si kufika," nikamnong'oneza.
Akacheka, akakohoa, akaketi juu ya mzizi wa msonobari.
Ndivyo tulivyokwenda:
hatua ishirini, kikohozi, mzizi.

Mchana mkate, kitunguu kimoja kwa wawili.
Kisha mvua ya mawe, ghafla,
nasi chini ya karatasi ya nailoni
tumekumbatiana kama tusivyowahi kukumbatiana
tangu nilipoingia nyumbani kwake na sanduku langu.
Hakuna aliyesema neno.
Mawe yalisema mengi.

Jioni, hema limesimama upande.
Nimeshuka kijitoni na birika, naye nyuma yangu, akichechemea.
"Haya yanatoka wapi?"
Nikainua kidole: juu, nyuma ya lile genge jeusi,
mwendo wa kesho wote.
Akazamisha mkono hadi kiwikoni,
akauacha humo hadi ukawa mwekundu.
"Kumbe limeshuka kunipokea," akasema,
"nami sijachana hata nywele."

Chai ilikuwa na ladha ya mawe.
Akaninyooshea miguu nimvue buti.
Gazeti limelowa, limechanika vipande,
na kwenye soksi, kisiginoni, wino umejichapa kinyumenyume:
tarehe ya siku fulani
ambayo hatukwenda popote.