Safari Ianzie Mwisho

Mwalimu alipiga mstari katikati ya karatasi
kwa rula, kama alivyopiga ubaoni miaka thelathini na minne.
Kushoto akaandika BARA. Kulia, VISIWANI.
Nje upepo wa Newala ulikuwa unagombana na bati la jiko,
na malipo ya mnada wa tatu yalikuwa yameingia asubuhi ile:
simu ililia kama kifaranga, tukatazamana,
hakuna aliyetaja mbolea.

"Juni," akasema. "Shule zikifungwa wajukuu watakuja,
tuwaachie nyumba, sisi tuondoke."
Juni! Mwezi ambao mikorosho inadai salfa,
na uwanda mzima watu wanatembea na vumbi
tangu kope hadi kandambili.
Nilinyamaza. Anayeota mchana hashtuliwi.

Basi kalamu ikateremka mlima.
Mtama, chai na vitumbua.
Lindi siku mbili, kwa shemeji Nandonde
(godoro lake lina bonde katikati; hilo nalo akaliandika).
Kilwa Masoko, kibali, boti ya Kisiwani,
kisha Songo Mnara, "tukazione kuta za waliotutangulia".
Mtu huyu hata likizo anaitungia mtihani.
Nyamisati. Mafia siku tatu;
papa potwe Juni hawapo, amesoma, lakini tutaoga.
Dar usiku mmoja tu, Dar inakula.
Unguja.
Na chini kabisa, pale karatasi ilipolowa chai,
kwa penseli, herufi ndogo kama za kwenye chupa ya dawa:
Pemba?

Ile alama ya kuuliza.

Pemba si swali. Pemba ni Time binti Faki,
niliyelala naye chuo cha uuguzi, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini,
aliyenishika mkono nikajifunza sindano kwenye chungwa,
aliyenisomea barua za Mwalimu huyuhuyu kwa sauti ya puani
mpaka nikamwaga uji.
Nilimwahidi: mwakani, karafuu zikianikwa.
Mwakani imefika mara thelathini na nane, ikapita
bila kupiga hodi.

Mwalimu akajumlisha. Akakuna kisogo.
Akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu,
kana kwamba pesa huongezeka zikihesabiwa kinyume.
Kisha rula ikaanza kazi yake ya pili.
Pemba ikakatwa kwanza.
Halafu Unguja: "Kusi likivuma utatapika hata ubini wako."
Halafu Mafia, halafu kuta, halafu kibali cha kuta,
Lindi ikabaki siku moja, kisha nusu,
hadi ziara yetu ya bara na visiwani
ikawa Mtama, chai na vitumbua.

Nilicheka mimi kwanza. Naye akacheka, akifuta miwani
ambayo haikuwa na uchafu.
Nikalivuta daftari, nikaligeuza juu chini.
Pemba ikawa kichwani.
"Haya, Mwalimu, sahihisha. Anzia hapo, ukate kuja nyumbani.
Wa Songo Mnara wamelala zamani, watangoja.
Time ana sukari. Mguu mmoja wameshaukata."

Bati likagonga. Likagonga tena.

Salfa? Atapuliza Likunde, mpwa wangu, kwa posho na jogoo.
Kusi? Nimezalisha wanawake kwa mwanga wa kibatari
huku mvua ikinidondokea shingoni; kutapika ni nini?
Nauli? Tutalala kwa Nandonde kwenda na kurudi,
bondeni, wote wawili, kama zamani.

Hakusema ndiyo. Mwalimu hasemi ndiyo.
Alichonga penseli kwa wembe, polepole,
akapuliza vumbi lake juu ya meza yangu niliyoifuta,
akaandika pembeni, nje ya safu zote mbili:
ming'oko ya Time, kilo mbili.
Akasita.
Akafuta mbili, akaandika tatu.