Ule Wenye Gitaa

Nilikwenda mjini kununua salfa ya mizabibu
nikajikuta kwenye kibanda cha Shedraki,
nyuma ya soko la Majengo, memori kadi kiganjani
ndogo kama ukucha wa mtoto.
"Nikujazie kwaya, bibi?"
Alikwishatazama kitenge, akatazama mvi,
akaamua.

Sitaki kwaya.
Miaka ishirini na sita niliimba sauti ya pili pale Hombolo,
joho la bluu, kola nyeupe,
nikazipenda zile nyimbo kama mtu anavyopenda maji.
Siku hizi zikianza tu nasikia nyundo
na misumari ya jeneza.
Tumezika nazo watu wengi mno. Si kosa la nyimbo.

"Basi singeli?" Akamkonyeza mwenzake.
Hakujua. Mjukuu wangu Nyemo huipiga akifua,
na mwanzoni nilisema ni bati linalopigwa na upepo wa Julai,
mpaka siku moja mguu wangu, bila ruhusa,
ukaanza kuijibu chini ya kigoda.
Mguu uliikumbuka muheme:
bibi yangu kaibana ngoma kati ya mapaja,
vumbi mpaka kwenye kope,
kasi ileile ya mtu anayekimbizana na mvua.
Ngoma ile niliionea haya niliporudi kutoka shule ya bweni.
Nilisema sijui kuipiga.
Nilisema hivyo bibi akiwa amekaa palepale.

"Nautafuta mmoja," nikamwambia, "wa dansi, wa zamani. Una gitaa."
"Zote zina gitaa, bibi. Unaitwaje?"

Jina silijui. Nilikataa kulijua.
Ni wimbo wa baa ya Kivulini, kila mwisho wa mwezi,
Hezroni alipopitia na mshahara wa kiwanda cha mvinyo
akarudi mifuko nje kama masikio ya mbuzi.
Nilisimama nyuma ya uzio wa minyaa,
mtoto mgongoni, kanga imelowa,
na gitaa lile likapita juu ya minyaa
likirefuka, likirefuka,
halina haraka ya kwenda nyumbani.
Nikaapa: nikipata redio yangu, huu hauingii kwangu.
Nilipoipata, ukianza tu nazima.
Naye hakuwahi kugomba. Alibaki akiitazama redio
kama unavyotazama mlango uliofungiwa mtu ndani.

"Imba kidogo basi, niujue."

Niimbe! Mbele ya muuza karanga, mama wa mchicha,
na mgambo aliyengoja kubadilishiwa kioo cha simu!
Nikafungua mdomo nikitegemea kukuta patupu.
Nikakuta ubeti wa kwanza. Wa pili.
Nikakuta hata pale mwimbaji anapovuta pumzi.
Maneno yakaisha, sikunyamaza,
nikaingia kwenye gitaa lenyewe, kwa ulimi,
likipanda, likijuta, likishuka ngazi mojamoja,
na karibu na mwisho, pale kidole kilipoteleza,
kosa lile nalo
nilikuwa nalo.

Mama wa mchicha alisahau chenji ya mtu.
"Uliupenda sana, eh?" akasema Shedraki.

Sikuupenda. Sijui kama naupenda sasa.
Ila Hezroni ana miaka minne kaburini,
na sijasikia wimbo mwingine
unaojua kuchelewa kama yeye.

Aliutafuta mpaka adhana ya alasiri, asiupate.
Akanijazia sitini za rika lake.
"Labda umo humo, bibi."
Salfa niliisahau.

Usiku huu tumefika wa kumi na tisa.
Kila unapoanza mpya, Nyemo anaita kutoka chumbani:
"Ndio huo?"
"Bado," najibu.
Nimekaa karibu na mlango.
Taa ya nje sijaizima.