Huenda

Nimehesabu mara tatu, Somoe,
mia, na mia, na mia tena,
kidole gumba kikibonyeza kihesabio cha chuma
alichokiacha mtu aliyestaafu kabla sijaajiriwa.
Dirisha la maabara hapa Nachingwea linatazama benchi.
Umekaa pale, kitenge cha buluu,
viganja umevilaza kifudifudi mapajani
kama watoto waliokatazwa kucheza.

Miaka kumi na moja naijua damu yako
kuliko ninavyoijua ya mke wangu.
Naijua ya masika na ya kiangazi,
naijua ya msimu, unaposhinda ghalani ukichambua korosho,
daraja la kwanza huku, la pili kule,
mbovu kapuni,
na vifundo vya vidole vimevimba kama tangawizi.

Baridi yabisi, waliandika kwenye cheti.
Mama mkwe wako akasema umekanyaga kitu.
Uliponiuliza mimi, nilikwambia:
walinzi wa mwili wako wamemsahau tajiri wao.
Wanamkuta usiku akitoka chooni, wanampiga rungu.
Ulicheka mpaka ukashika mbavu,
na tangu siku ile kila ukija unainama dirishani:
"Vipi, Likapa? Walinzi wangu wamelala?"
Nami hujibu: "Wanasinzia."

Leo hawasinzii.
Kwenye kioo, ndani ya rangi ya zambarau,
wamejaa wa sura moja,
wanene, punjepunje tumboni kama waliobugia ufuta,
sabini na nane katika mia.
Na wale wa zamu, wanaokimbilia kidonda na homa,
nimewatafuta kama karani wa chama cha msingi
anayetafuta shilingi zilizopotea daftarini
usiku wa kuamkia ukaguzi.
Nimewapata tisa.

Daktari Nandonde amekuja, akainama, akaweka jicho.
Amekaa hapo muda mrefu.
Kisha akasema: "Huenda."

Huenda ni vile vidonge vyako vya Ijumaa.
Huenda ni virusi tu, vinapita njia.
Huenda walinzi waliokeshwa na hasira miaka yote hiyo
wamezoea kuzaana,
na sasa mmoja wao amesahau namna ya kufa.
Imeonekana kwa baadhi, alisema. Wachache.
Wengi wenye mikono kama yako huzeeka nayo,
wakafa kwa jambo jingine kabisa.
Na hata ikiwa ndiyo, alisema,
aina hii hutembea polepole, mara nyingine miaka.
Akaomba karatasi ya rufaa.
Muhimbili wana mashine ya kujua.
Sisi tuna macho.

Lugha yetu nayo ina ujanja.
Huenda: labda.
Huenda: ndiyo kawaida yake, kila siku, kwa miguu.
*Maradhi haya mawili huenda pamoja.*
Nimeisema kimoyomoyo mara mbili
na kila mara imetoka na maana nyingine.

Sasa umesimama. Unakuja dirishani.
Majibu hutolewa na daktari, limebandikwa hapo tangazo,
nimelibandika mwenyewe, kwa gundi yangu.
"Vipi, Likapa? Walinzi?"
Nimesema: "Subiri, daktari atakuita."
Umenitazama.
Miaka kumi na moja hujawahi kunisikia
nikitaja daktari kabla ya mzaha.

Hukuuliza tena.
Umefungua pindo la kitenge, taratibu,
vidole vikigoma, fundo likigoma,
ukapitisha chini ya kioo kifurushi cha gazeti:
"Za watoto. Ni vipande tu, mnada hauvitaki."

Nimezipokea. Zina joto bado.
Jina lako limeitwa, umekwenda,
mlango wa daktari umefungwa,
nami nimezimwaga mezani kando ya darubini,
nikajikuta nazichambua:
nzima huku, zilizovunjika kule,
hii hapa sijui niiweke wapi.