Pingili Saba

Nilizikuta ndani ya khanga, chini ya samaki wakavu,
zimefungwa kwa kamba ya mgomba
kama kichanga kinachopitishwa usiku.
Pingili saba za muhogo, mbichi, macho yamevimba.
"Hizi nini, mama?" niliuliza, nikijua.
"Kuni," alisema Bi Somoe Likwati wa Mahurunga,
kisha akacheka mwenyewe,
maana nani avushe kuni mto Ruvuma
na Kilambo kuni zimejaa hadi mlangoni pa polisi?

Kanuni ziko mezani kwangu, zimechakaa pembeni,
ukurasa wa vipando una doa la chai.
Bila cheti hakivuki kitu chenye jicho la kuota.
Nilichukua lenzi, nikageuza jani moja lililosalia:
kijani, laini, halina kovu.
Ndiyo tabia ya michirizi kahawia.
Jani linapokea wageni ukumbini
na mzizi unaoza chumbani.

"Mama kafa Ijumaa, ng'ambo," akasema.
"Sufuria wamegawana, kitanda wamegawana,
mimi sikuomba kitu. Nilipita shambani alfajiri na kisu."
"Inaitwaje, mbegu hii?"
"Usimwambie Mkwe.
Ukichemsha unapasuka wenyewe, mweupe, hauna hata uzi katikati.
Ukimwambia mkwe, atahamia."

Nilitaka kucheka. Sikumwambia habari ya Nanguruwe,
mwaka ambao baba aling'oa shina la kwanza, akakata: kahawia.
La pili: kahawia, gumu kama kizibo.
Aliendelea kukata hadi giza likaingia,
kana kwamba muhogo mmoja ungemwonea haya.
Miezi minne tulichimba ming'oko porini.
Na ile mbegu tuliletewa na shangazi, zawadi,
imefungwa vizuri,
ndani ya khanga.

Nikaanza kujaza fomu.
Inzi mweupe, mdogo kuliko punje ya chumvi,
akaingia kwa dirisha la upande wa mto
akatua juu ya neno ASILI.
Hakuwa na cheti.
Tulimtazama wote wawili.
"Na huyu?" Bi Somoe akauliza.
Nilipuliza karatasi. Akaruka, akaelekea Mahurunga
kabla ya mwenye nyumba yake.

Kanuni inasema kuteketeza, na mwenye mali ashuhudie.
Shimo liko nyuma ya ofisi.
Mafuta ya taa hatujaletewa tangu Julai.
Nilihangaika na kiberiti, na magazeti ya zamani;
pingili zilitoa utomvu, zikachemka mdomoni,
zikakataa.
"Hujui moto, mwanangu," akasema.
Akakunja khanga magotini, akatafuta makumbi ya nazi,
akapanga saba zile moja juu ya moja, akaacha nafasi ya upepo,
kwa mikono iliyotoka kuosha maiti.
Zilipokubali kuwaka akanyanyuka.
"Si nilikwambia," akasema, "kuni."

Hakulia. Aliomba risiti.
"Andika na jina lake."
Orodha yetu haina jina hilo, mfumo haulitambui,
fomu ina mstari mfupi.
Niliandika hata hivyo, likavuka pambizo:
*Usimwambie Mkwe, vipande saba, vimeteketezwa.*
Nikapiga muhuri. Wino ulikuwa hafifu, nikapiga tena.
Akaikunja karatasi, akaifunga penye khanga
zilipokuwa pingili, akachukua samaki wake, akaenda.

Jioni, nikifagia, nilikuta chini ya meza
jicho moja lililobanduka,
lina ncha ya kijani kama ulimi wa mjusi.
Nililitazama kwa lenzi
muda ambao fomu haina pa kuuandika.
Kisha nikalipeleka shimoni.
Majivu bado yalikuwa na moto.