Kisigino

Dada Hosiana wa mazoezi ya viungo
ana karatasi na kalamu ya bluu.
"Baba Aika, tangu mtoto apasuliwe,
umeridhika kiasi gani?
Sijaridhika kabisa. Sijaridhika. Katikati.
Nimeridhika. Nimeridhika sana.
Weka tiki."

Mimi fundi viatu, dada. Kiborloni,
kibanda cha tatu ukitoka kwa wauza maparachichi.
Moyo sijui kuupima kwa vijisanduku.
Napima kwa soli.
Kila kiatu huja na umbea wa mwenyewe:
huyu hubebea mzigo bega la kushoto,
huyu humkimbilia bosi,
yule husimama dukani kutwa, kaegemea kaunta.
Kiatu hakina siri.

Vya Aikaruwa, miaka saba,
vilikwisha mbele tu.
Ncha ilitoboka kama papai lililodonolewa na ndege,
kisigino kikabaki na kibandiko cha bei.
Usiku nilikitazama
kama mtu anayetazama shamba lake lisilolimwa.
Nikashona ngozi mbele, mara mbili, mara tatu,
nikakata tairi la pikipiki, nikapiga misumari.
Ncha ikatoboka tena.
Kisigino kinang'aa, kinanicheka.

Mtindio wa ubongo, walisema hospitali.
Kule Kirua walisema mengine. Siyarudii.

Siku waliyomrefusha kano nyuma ya mguu
Nsia alikaa kwenye benchi amekumbatia kandambili za mtoto,
moja imepinduka, hataki niigeuze.
Kisha plasta, wiki sita.
Juni, manyunyu ya asubuhi,
mlima umejifunika gubigubi, hautaki kuulizwa kitu.
Aika alilia kwa kuwashwa humo ndani
pasipofika kidole,
nikampulizia kwa mrija wa soda,
saa nane za usiku, baba mzima, napuliza.
Deni la kikoba halijaisha. Cherehani nimeuza,
ile ya kushonea mabegi.
Iandike hiyo, kama ina kisanduku.

Andika pia kwamba hasemi.
Anasema "baa," na ni mimi, na ni maji,
na ni mbwa wa jirani.
Kijiko bado kinapotea njia kwenda mdomoni.
Nsia alidhani
(hakusema, ila nilimwona akinunua daftari)
mguu ukinyooka, ulimi utafuata.
Daftari liko juu ya kabati, jeupe.
Muulize mwenyewe, atakupa tiki yake.
Msije mkazitia zetu kapu moja
mkagawa kwa mbili.

Lakini juzi, Jumanne,
subiri, nimekuja nacho, nimekizungushia gazeti,
nilikipindua kiatu chake nikifute matope.
Cha kulia. Kina miezi minne.
Tazama. Hapa. Pitisha kidole.

Kisigino kimelika.

Kidogo, upande wa nje,
kama kipande cha sabuni siku ya pili.

Miaka kumi na tisa natengeneza viatu,
nimevilaani visigino vya mji huu mzima,
sijawahi kuona soli iliyochakaa
nikamwita mke wangu aje na taa.

Alikuja na mikono ya unga.
Akainama. Akagusa. Akanyamaza
kiasi cha maji ya ugali kuchemka yakamwagika.
Kisha akauliza, "Utakitia kiraka?"
"Thubutu," nikasema.

Sasa hicho, dada, ni kisanduku cha ngapi?
Jaza wewe.
Mimi mkono una gundi.