Nyumba Ambayo Haijawaka

Simu nililala nayo chini ya mto, sauti juu kabisa,
usiku wa kumi na moja tangu wanipe kofia
yenye ufa pembeni na jina la mtu mwingine ndani.
Mchana mimi ni seremala.
Usiku, wakiniita, ni pompiye.
Mama anasema: chagua, Murhula,
mbao au moto, viwili hivyo havilali chumba kimoja.

Ikalia saa nane kasoro.
Zihindula hana salamu. Alisema:
"Nyamugo. Vaa buti ukiwa njiani."

Mafunzo yalikuwa siku nne, uwanjani.
Tulikunjua mpira, tukaukunja.
Tulizima pipa la mafuta machafu, tukapigiwa makofi.
Hakuna aliyetaja ngazi za udongo
zenye upana wa mabega mawili,
mvua ya jioni bado inateleza,
watu wanashuka na magodoro kichwani
na wewe peke yako unapanda.

Kamiyo ilibaki barabarani, ikinguruma bure.
Mpira uliishia kwenye mlango wa nyumba ya tisa.
Moto ulikuwa juu zaidi, huko ambako Bukavu
inajibana mgongoni mwa mlima,
ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule.

Nikaukimbilia.
Zihindula alinidaka mkanda kwa nyuma,
kama mtoto anayechomoka kwenda barabarani.
"Unatazama zinazowaka," akasema.
"Hizo zimekwisha kwenda. Tazama zisizowaka."
Akanyoosha kidole.
"Ile ya tatu. Iangushe."

Ya tatu.
Mlango wa kijani, bati moja jipya kati ya makuukuu.
Niliijua kabla ya kuiona vizuri.
Misumari ile niliipiga mimi, kiangazi cha mwaka juzi,
na ukuta wa upande wa ziwa ulinipinda
nikaziba aibu kwa ubao mwembamba, nikapaka rangi.

Mama Nsimire alisimama mlangoni
amekumbatia karai la sambaza zilizokaushwa.
"Si wewe uliyeijenga?"
"Ni mimi."
"Na haijawaka."
"Haijawaka, mama."

Basi. Sikuwa na neno la tatu.
Alitazama juu, cheche zikitua kwenye mabati ya jirani,
akashuka ngazi mbili. Mbili tu.

Anayejua pa kushikiza anajua pa kuachia.
Sikupiga ukuta. Nilipiga nguzo ya kona, chini,
pale unyevu unapoanza kula.
Mapigo manne.
Ikaketi polepole, kama mtu aliyechoka kusimama,
vijana wakazoa mbao wakazitupa bondeni,
bidoni za njano zikapanda mkono kwa mkono,
na sufuria, na ndoo ya maji ya kufulia yenye povu.

Moto ulifika kwenye pengo,
ukatafuta pa kukanyaga.
Ukatafuta sana.

Alfajiri nilitapika nyuma ya kamiyo.
Zihindula alisubiri nimalize.
"Mwaka wangu wa kwanza nilimwonea mtu huruma," akasema,
"nyumba moja. Zikaondoka kumi na saba."
Kisha, kama tulikuwa tunaongea habari hiyo tangu mwanzo:
"Na mpira haukunjwi hivyo. Anzia katikati."

Nililala saa moja. Labda pungufu.
Nilipofungua karakana alikuwa ameshafika,
kitenge kinanuka moshi, karai lile lile mkononi,
lakini ndani hamkuwa na samaki.
Akalimimina juu ya meza yangu:
misumari, nyeusi, mirefu, mingi imepinda,
ameiokota bondeni kwa mwanga wa tochi.

Nikatafuta la kusema. Pole ilikuwa ndogo,
na samahani sikujua niianzie wapi.

"Nyoosha," akasema.
Akageuka kwenda, akasita kizingitini.
"Na ule ukuta wa upande wa ziwa,
mara hii usiupake rangi kabla sijauona."