Dirisha la Tatu

Mimi sikuwahi kumshika mgonjwa mkono.
Kazi yangu ilikuwa dirisha la tatu, hapa Kisumu,
kioo chenye tundu la kupitishia sauti
na mwanya, chini, wa kupitishia pesa.

Mwaka ule wa barakoa nilijifunza bei ya pumzi.
Oksijeni tuliiuza kwa saa,
kama zile baiskeli za kukodi pale Kondele utotoni:
ukizidisha dakika, unalipa saa nzima.
Mzee Tindi Oloo wa Ahero
alivuta saa mia mbili na kumi na sita.
Nilizihesabu mara mbili.

Nikabonyeza. Mashine ikatapika karatasi
ndefu kuliko leso ya mkewe:
kitanda,
glavu jozi kwa jozi,
kipimo, na kipimo cha kuhakiki kipimo,
na mavazi meupe ya kumkinga muuguzi
utosi hadi unyayo, matatu kila siku,
yote juu ya mgonjwa.

Mwanawe, Odira, akainamia tundu:
"Kwa hiyo baba amewavisha nyinyi.
Na yeye tumvishe nini?"

Kwenye kibodi yangu hakuna kitufe cha jibu.

Ila nilijua. Sista Nafuna alikuwa ameniambia ngazini,
uso umechorwa mitaro na miwani:
vazi ni moja, zamu nzima, vitanda vinne.
Hanywi maji, asije akataka kwenda haja,
maana akilivua hapewi jingine.
Vazi moja.
Na mimi, kwa vitanda vinne, nimeandika manne.

Nilimwuliza mhasibu. Akasema, andika kama mfumo unavyosema.
Mfumo haujawahi kupanda ngazi.

Dawa ya deni ni kulipa, wanasema.
Na deni la dawa?

Siku ya nne Odira alirudi.
Ng'ombe wawili, mashine ya kupura mpunga,
mikaratusi iliyouzwa ikiwa bado wima,
na michango ya simu, mia mia, hamsini hamsini,
kutoka kwa watu waliokatazwa kuja matanga.
Noti zilinuka pumba.
Akahesabu. Nikahesabu. Zikapungua:
zile siku nne alizokuwa akizitafuta,
chumba cha maiti nacho kilikuwa kinahesabu.

Aliegemeza paji la uso kwenye kioo,
akakaa hivyo.
Foleni nyuma yake haikulalamika.

Nilifuta vazi moja. Moja, kati ya ishirini na saba.
Msiniite mwema;
ishirini na sita niliyaacha.

Jioni mfagizi alikuja na chupa yake
kupangusa ile alama ya jasho kwenye kioo.
Nikamwambia, iache kwanza.
Akasema ni amri, virusi.
Akapuliza mara tatu, akafuta.

Dawa ile nayo ina bei.
Sikuiandika popote.